Nyota Njema Huonekana Asubuhi? Orodha za Vijana wa Mpira wa Kikapu Marekani

Wahenga walinena kwamba nyota njema huonekana asubuhi. Sisi huitumia methali hiyo tukimsifu mtoto mwenye adabu au mwanafunzi aliyeshika nafasi ya kwanza darasani, kisha tukaendelea na shughuli zetu. Huko Marekani, ingawa methali yenyewe hawaijui, maana yake wameigeuza kuwa biashara kamili. Kijana wa miaka kumi na sita anayecheza mpira wa kikapu katika shule ya sekondari hutazamwa, hupimwa, na hupewa nyota, tano zikiwa ndicho cheo cha juu. Kisha jina lake huandikwa katika orodha ya taifa zima: wa kwanza fulani, wa pili fulani, hata kufikia wa mia na kupita. Orodha hiyo husomwa na makocha wa vyuo vikuu, husomwa na wauza viatu, husomwa na wazazi, na kijana mwenyewe huisoma usiku akiwa kitandani.

Je, orodha hizo ni za kuaminika? Swali hili si la Wamarekani peke yao. Kutoka Goma, Lubumbashi na Dar es Salaam wametokea vijana walioingia katika mchezo huo wa fedha nyingi, na nyuma yao wapo wengine, warefu na wepesi wa miguu, wanaotamani kufuata njia hiyo hiyo. Ni vyema basi tuichunguze mizani yenyewe kabla ya kumpandisha mtoto wetu juu yake.

JINSI MIZANI ILIVYOANZA

Katikati ya miaka ya 1960 bwana mmoja wa New York, Howard Garfinkel, alianza kutoa jarida lenye maoni juu ya wachezaji wa shule za sekondari, akiwauzia makocha wa vyuo. Mwaka 1966 yeye na mwenzake wakaanzisha kambi ya mafunzo iliyoitwa Five-Star, ambako vijana walikusanyika wakati wa likizo ya majira ya joto na kucheza mbele ya macho ya wataalamu. Katika kambi hiyo, mwaka 1980, kijana wa Wilmington katika jimbo la North Carolina aliwaduwaza watazamaji waliokuwa hawamjui. Jina lake lilikuwa Michael Jordan. Miaka miwili kabla ya hapo shule yake ilikuwa imempanga katika timu ya wadogo badala ya timu kubwa.

Mwaka 1984 jarida la Garfinkel liliingia mikononi mwa Tom Konchalski, na mtu huyu anastahili kukumbukwa. Hakuendesha gari, hakumiliki kompyuta wala simu ya mkononi. Alisafiri kwa mabasi na magari moshi akaketi juu kabisa katika kumbi za shule, akatazama kimya kimya na kuandika kwa mkono. Kisha alipiga chapa maoni yake kwa taipureta, akayatia katika bahasha, akayapeleka posta kwa vyuo vipatavyo 200. Alifariki mwezi Februari 2021 akiwa na umri wa miaka 74, na makocha wakubwa wa nchi ile walimlilia. Kazi yake kubwa ilikuwa kumweleza kocha kijana huyu ana nini, hana nini, na anafaa chuo cha kiwango gani.

Baada ya jarida yakaja magazeti, na baada ya magazeti zikaja kampuni za intaneti. Hapo ndipo swali lilipogeuka. Watu hawakuuliza tena kijana anafaa wapi, bali waliuliza nani yuko juu ya nani. Tangu mwaka 1998 pana hata hesabu inayokusanya orodha za wataalamu mbalimbali na kutoa wastani wake, na kampuni nazo zina wastani wao. Namba ikipita mikononi mwa watu wengi hujivika vazi la elimu. Lakini wastani wa makisio kumi bado ni makisio, hasa ikiwa wakisiaji wote walikaa katika ukumbi mmoja wakitazama mchezo mmoja.

PALE ZINAPOSEMA KWELI

Haki itendeke. Orodha hizi si uongo. Mwaka 2003 ziliweka juu kabisa jina la LeBron James wa Akron, Ohio, na kila mtu anajua yaliyofuata. Mwaka 2004 zilimtaja Dwight Howard. Mwaka 2006 Kevin Durant alikuwa wa pili. Cooper Flagg, aliyemaliza shule mwaka 2024 akiwa juu ya wenzake, alicheza chuo mwaka mmoja tu, na katika uteuzi wa Juni 2025, ambapo timu za NBA huchagua wachezaji wapya moja baada ya nyingine, jina lake lilitajwa la kwanza.

Twaweza kuzipima kwa njia nyingine. Tangu mwaka 1978 huchezwa mchezo wa heshima wa vijana bora wa sekondari, uliobeba jina la kampuni ya McDonald's. Tukichukua tuzo za mchezaji bora wa NBA kuanzia mwaka 2008 hadi 2018, zilikuwa tuzo 11. Nane kati ya hizo zilikwenda kwa watu waliopata kucheza mchezo huo wakiwa vijana: Kobe Bryant, LeBron James mara nne, Derrick Rose, Kevin Durant na James Harden. Tatu zilizobaki zilikwenda kwa Stephen Curry mara mbili na Russell Westbrook, ambao hawakualikwa. Nane katika kumi na moja si jambo la kubahatisha. Jicho la watazamaji wale linaona.

Sababu yake si ngumu. Kileleni mwa mlima pana nafasi ya watu wachache, nao huonekana kutoka mbali. Kijana aliyekwisha kuwa na nguvu za mtu mzima, mbio za swala na mkono usiokosa, hahitaji darubini. Tatizo ni pale tunaposhuka mteremkoni, ambako watu wamejazana. Tofauti kati ya kijana wa kwanza na wa kumi huweza kuwa kubwa, ilhali tofauti kati ya wa 40 na wa 80 ni ndogo kiasi kwamba mchezo mmoja mzuri wa Jumamosi huweza kuifuta. Hata hivyo orodha huandika 40 na 80 kwa wino ule ule na kwa uhakika ule ule.

HESABU YA MKULIMA

Wavulana zaidi ya 500,000 huchezea timu za sekondari za Marekani. Anayeingia katika orodha ya 100 bora wa mwaka wake ni kama aliyekwisha kupita kwenye tundu la sindano, na ndugu zake humwona kama tayari ameshafika. Sasa tufanye hesabu kama mkulima ahesabuvyo magunia.

Orodha ya watu 100 kila mwaka, kwa miaka 10, ni vijana 1,000. Ligi ya NBA ina timu 30, na kila timu ina nafasi 15 za kawaida: jumla 450. Zaidi ya 100 kati ya nafasi hizo hushikwa na wachezaji waliozaliwa nchi nyingine, wengi wao hawakupata kusoma sekondari za Marekani. Nyingine hushikwa na wakongwe ambao hawajachoka. Kwa hiyo hata kama orodha ingeandikwa na malaika asiyekosea, zaidi ya nusu ya waliotajwa wangebaki mlangoni. Hilo si kosa la orodha. Ni kosa la anayeisoma akidhani kutajwa ni kuahidiwa.

MWILI HAUNGOJI ORODHA

Kosa la kwanza la orodha yenyewe ni kwamba hupima mwili ambao haujamaliza kujengeka. Mfano mzuri ni Anthony Davis wa Chicago. Alisoma katika shule ndogo isiyo na sifa ya michezo, akiwa mlinzi wa kawaida mwenye kimo cha kama mita 1.88. Katika muda wa takriban mwaka mmoja na nusu alirefuka mpaka kama mita 2.08, huku mikono yake ikibaki na ujuzi wa mchezaji mfupi. Mwanzoni mwa mwaka 2010 chuo kilichomtaka kilikuwa kimoja tu, Cleveland State. Majira ya joto ya mwaka huo huo alipoonekana katika mashindano makubwa, orodha zilimpandisha hadi safu ya juu kabisa. Mwaka 2012 alikuwa bingwa wa vyuo pamoja na Kentucky, na mwezi Juni akateuliwa wa kwanza katika NBA. Yafaa tujiulize: lau mifupa yake ingechelewa miezi kumi na miwili, orodha ingemweka wapi? Isingemweka popote.

Sisi tuliovaa magwanda tunao mfano wetu. David Robinson alicheza mpira wa kikapu kwa mwaka mmoja tu katika sekondari yake huko Manassas, Virginia. Mwaka 1983 aliingia Chuo cha Jeshi la Majini la Marekani kwa ajili ya masomo, akiwa na kimo cha karibu mita mbili. Vyuo vikubwa vya mchezo huu havikumgombania. Akiwa kadeti alizidi kurefuka akapita mita 2.10, hata akawa mrefu mno kwa kazi nyingi za melini. Mwaka 1987 timu ya San Antonio ilimteua wa kwanza, naye hakuenda kucheza. Alikuwa na deni kwa bendera, akalitumikia miaka miwili kama afisa wa majini, ndipo akaanza kucheza mwaka 1989. Mwaka 1995 alikuwa mchezaji bora wa ligi, na mwaka 1999 na 2003 akawa bingwa.

Mwandishi wa makala haya naye alipata kupangwa. Katika shule ya kadeti tulibandikiwa orodha ya sifa baada ya wiki ya sita, na wa mwisho alikuwa kijana mmoja mwembamba aliyeshindwa ukuta wa mazoezi mara mbili. Miezi mitano baadaye, katika mwendo wa usiku porini, kikosi kilipotea, na aliyetutoa alikuwa yeye, maana ndiye pekee aliyekuwa amehesabu hatua zake tangu tulipoondoka. Orodha ya wiki ya sita haikuwa imedanganya. Ukuta ulimshinda kweli. Ila hakuna aliyekuwa amempima usiku.

WALIOKUWA NJE YA MACHO

Kosa la pili ni la mahali. Orodha huandikwa na watu, na watu hawawezi kuwa kila ukumbi. Huenda kule ambako mashindano makubwa ya majira ya joto yanachezwa, na mengi ya mashindano hayo hugharimiwa na kampuni za viatu. Asiyealikwa huko huwa kana kwamba hakuzaliwa.

Mwaka 2016 kocha msaidizi wa chuo kidogo kiitwacho Murray State alikwenda kambini Spartanburg, South Carolina, kumtazama kijana mwingine kabisa. Njaa ikamshika, akatoka kutafuta vitafunio. Njiani akasikia mdundo wa mpira katika ukumbi wa pembeni, ambako vijana wasiopata nafasi katika ukumbi mkubwa walikuwa wakicheza watatu kwa watatu. Akachungulia. Aliyemwona alikuwa Ja Morant, ambaye orodha za taifa hazikuwa zikimjua. Mwaka 2019 Morant aliteuliwa wa pili katika NBA. Kijana aliokolewa na njaa ya kocha!

Stephen Curry hakuwa amefichika. Baba yake alicheza NBA miaka 16, na jina la ukoo lilijulikana kote. Lakini alikuwa mwembamba na mfupi kwa mchezo ule, na watazamaji waliona umbo badala ya kuona mkono. Chuo alichosoma baba yake kilimpa nafasi bila ufadhili wa masomo. Akaenda Davidson, chuo kidogo cha North Carolina, na mwaka 2008 akakifikisha hatua ya timu nane bora za taifa. Baadaye alibadili namna mchezo wenyewe unavyochezwa, kwa kutupa mpira kutoka mbali kuliko ilivyodhaniwa kuwa busara. Hapa pana funzo zaidi ya kukosea mtu mmoja. Orodha hupima vijana kwa mchezo wa jana. Yule atakayeleta mchezo wa kesho, mizani yake haijatengenezwa.

Wala watu wasidhani kwamba ni wapimaji wa vijana pekee wanaokosea. Usiku wa uteuzi wa NBA, mwezi Juni 2009, timu ya Memphis ilimtaja wa pili Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam, mwenye kimo cha mita 2.21. Alikuwa ameanza mchezo huu akiwa na miaka kama 15, na katika chuo cha Connecticut alikuwa mlinzi bora wa kanda yake mwaka 2008 na 2009. Curry alitajwa wa saba. Thabeet aliondoka NBA mwaka 2014, na kwa kuwa Mtanzania wa kwanza kufika pale heshima yake haipungui. Lakini tuzingatie: walioteua usiku ule walikuwa wenye mamilioni ya dola, waliowatazama vijana hao kwa miaka kadhaa ya chuo, na bado hawakuona. Seuze yule anayepanga watoto wa miaka kumi na sita kwa kutazama michezo minne!

NYOTA ZILIZOFIFIA

Upande wa pili wa shilingi unasikitisha zaidi. Mwaka 2006, juu ya jina la Durant palikuwa na jina la Greg Oden wa Indianapolis, mrefu, mpole, mwenye akili ya mchezo. Hakuna aliyekosea kumtaja wa kwanza, na mwaka 2007 timu ya Portland nayo ilimteua wa kwanza. Kilichofuata ni upasuaji wa magoti, mmoja baada ya mwingine. Alicheza michezo 105 tu katika maisha yake yote ya NBA. Harry Giles, ambaye orodha kadhaa zilimweka wa kwanza mwaka 2016, alikuwa amekwisha kuumia magoti kabla hajafika chuoni, na akateuliwa wa 20. Michael Porter, wa juu mwaka 2017, aliumia mgongo, akacheza michezo mitatu tu ya chuo, akashuka hadi nafasi ya 14 mwaka 2018. Yeye alipata subira na bahati, akawa bingwa na Denver mwaka 2023.

Wapo pia ambao hawakuumia, ila walipimwa kwa kipimo kisicho chao. Skal Labissière alifukuliwa katika kifusi baada ya tetemeko la ardhi lililoiangamiza Port-au-Prince, Haiti, mwezi Januari 2010. Akapelekwa Marekani, akarefuka, na kufikia mwaka 2015 orodha zilimweka miongoni mwa wawili watatu wa mwanzo. Huko Kentucky hakufikisha wastani wa pointi 7 kwa mchezo, akateuliwa wa 28 mwaka 2016. Kijana aliyetoka hai katika kifusi, kisha akawa na kazi katika ligi bora duniani, alihesabiwa na magazeti kuwa aliyeshindwa. Nani aliyeshindwa hapo, kijana au namba aliyobandikwa?

PALE NAMBA INAPOKUWA BEI

Lau orodha ingekuwa maoni tu, madhara yake yangekuwa haba. Lakini namba huvuta fedha, na fedha zikishafika huvuta namba. Mwezi Septemba 2017 serikali kuu ya Marekani iliwafungulia mashtaka watu kumi katika sakata la rushwa ya kuwavuta wachezaji, wakiwamo makocha wasaidizi wanne na mkubwa mmoja wa kampuni ya viatu. Mahakamani ilielezwa jinsi familia ya kijana mmoja wa safu ya juu ilivyoahidiwa dola 100,000 ili mtoto wao aende chuo fulani. Watatu walipatikana na hatia Oktoba 2018. Kijana mwenyewe hakucheza hata mchezo mmoja wa chuo.

Tangu wakati huo mambo yamewekwa wazi. Kuanzia tarehe 1 Julai 2021 wachezaji wa vyuo wanaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina yao, na kuanzia tarehe 1 Julai 2025 vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa moja kwa moja. Ni haki, maana jasho ni lao. Lakini nyota ya tano sasa ina bei sokoni, na penye bei pana madalali. Hapo hapo, kwa kuwa wachezaji sasa huhama vyuo kwa urahisi, makocha wengi huona heri kumchukua mtu wa miaka 22 aliyekwisha kuonekana kuliko kijana wa nyota tatu ambaye lazima angojewe. Hivyo wa kileleni wametajirika, na wa mteremkoni mlango umewabana. Akina Curry wa leo watangojewa na nani?

VIJANA WETU

Jonathan Kuminga alizaliwa Goma mwaka 2002. Alikwenda Marekani mwaka 2016 akiwa bado mtoto, akapita katika shule tatu za majimbo mbalimbali, na orodha zikamweka miongoni mwa wa juu kabisa wa umri wake. Mwaka 2021 aliteuliwa wa saba, na mwaka 2022 akavaa pete ya ubingwa na Golden State, timu ile ile ya Curry. Yule aliyetajwa mno na yule asiyetajwa walikaa benchi moja!

Bismack Biyombo wa Lubumbashi hakupita kabisa katika sekondari za Marekani. Alitafuta riziki ya mpira hadi Yemen, kisha Hispania. Mwezi Aprili 2011, katika mchezo wa vijana wa dunia huko Portland, alifunga pointi 12, akadaka mipira 11 iliyogonga ubao na kurudi, akazuia mitupo 10. Mwezi Juni mwaka huo akateuliwa wa saba. Na kutoka mwaka 2019 hadi 2025 tuzo saba mfululizo za mchezaji bora wa NBA zilichukuliwa na watu wanne waliozaliwa nje ya Marekani: Mgiriki, Mserbia, Mkameruni na Mkanada. Wawili wa kwanza hawakupata kukanyaga sekondari ya Marekani wala kuandikwa katika orodha zake.

Nayataja haya kwa sababu mawakala hupita katika miji yetu wakiwa na futi ya kupimia na simu yenye picha za viwanja. Humwambia mzazi kwamba mtoto akifika kule atapewa nyota. Mzazi na aulize yaliyo muhimu. Sheria ya Marekani humruhusu mgeni mwenye viza ya masomo kukaa katika sekondari ya umma si zaidi ya miezi 12, tena kwa kulipiwa gharama yote. Ndiyo maana wengi hupelekwa shule za binafsi. Basi shule hiyo ni ipi, na inafundisha nini asubuhi kabla ya mazoezi? Mlezi ni nani? Goti likivunjika, nani atalipa hospitali, na mtoto atalala wapi wiki itakayofuata? Wakala asiye na majibu hayo anauza namba, na namba hiyo bado haijaandikwa.

NENO LA MWISHO

Kwa hiyo jibu la swali letu ni hili. Orodha za vijana wa kikapu zaaminika kwa kundi, wala haziaminiki kwa mtu. Ukiwachukua kumi wa kwanza kwa pamoja, waweza kusema kwa ujasiri kwamba wengi wao watafika mbali. Ukimchukua mmoja wao, au ukamchukua wa sabini, au yule asiyeandikwa, huwezi kusema kitu cha hakika. Orodha ni picha ya mwili wa kijana siku fulani, mahali fulani, mbele ya macho fulani. Picha hiyo ni ya kweli, ila siku zake zilizobaki hazimo ndani yake.

Mwaka 1987 Mkongo mmoja wa Kinshasa, Dikembe Mutombo, aliwasili katika chuo kikuu cha Georgetown, Washington, akiwa na nia ya kusomea udaktari. Hakuna orodha ya sekondari iliyompa hata nusu ya nyota. Alijifunza kikapu, akahitimu masomo yake, akaingia NBA mwaka 1991 na kuwa mmoja wa walinzi wakuu wa mchezo huo. Udaktari hakuupata, lakini mwaka 2007 alifungua hospitali mjini Kinshasa yenye jina la mama yake. Alifariki mwezi Septemba 2024, na hospitali ingali ikitibu wagonjwa.

Wahenga wale wale waliosema nyota njema huonekana asubuhi walituachia na neno la pili, nasi mara nyingi hulisahau: usisafirie nyota ya mwenzio.